Picha za kupangwa ndani ya nyumba ya ukoo Ujiji: wapiga picha na wajuzi wa nyumba za kale, karibuni

#1 Mjukuu wa Kitongoni (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nyumba ya bibi yangu mzaa baba iko Ujiji, Kigoma. Ni nyumba ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, korido inayonyooka hadi uani, vyumba huku na huku, jiko nyuma. Kuta ni za udongo, nene hivi kwamba mtoto analala dirishani bila kuanguka. Mlango wa mbele una nakshi. Paa lilikuwa la nyasi, babu akapiga bati, na bati lenyewe sasa limeshika kutu. Baba kazaliwa humo, shangazi zangu wote wameolewa wakitokea humo, babu katolewa humo kwenda kuzikwa.

Ukoo umeshakaa kikao: sehemu ya mbele itavunjwa zijengwe fremu za biashara. Hilo lina wenyewe, sijaja kulijadili hapa. Nimeomba jambo moja tu nikakubaliwa, kwamba kabla nyundo haijaanza nipige mfululizo wa picha humo ndani. Sizungumzii zile za "simameni hapo, chekeni". Nataka picha za kupangwa, ambazo mtu anakaa mahali nilipofikiria, akiwa na kitu nilichochagua, kwa mwanga niliousubiri. Waigizaji ni bibi na shangazi zangu wawili.

Vifaa: kamera ya zamani, lenzi moja ya milimita 35, na simu. Taa sina, tripodi sina. Ndani kuna giza, madirisha ni madogo.

Maswali yangu: mwanga nifanyeje? Na je, vitu vya sasa (runinga, viti vya plastiki, waya za umeme) nivitoe au niviache? Mbele ya nyumba inatazama magharibi, upande wa Ziwa Tanganyika.

Nawasilisha.

#2 Kahawa Chungu

Ngoja waje wajuzi. Nimeweka kigoda hapa.

#3 Lenzi Kavu

Mkuu, umebahatika mbele kutazama magharibi. Nitaeleza kidogo kwa urefu.

Kwanza, ukisoma mafunzo ya watu wa Dar kuhusu "saa ya dhahabu" (ule mwanga mlaini jua likikaribia kuzama) usiyachukue na saa zake. Sote tunatumia saa moja nchi nzima, lakini Kigoma iko mbali magharibi, jua linatufikia karibu dakika 40 baada ya Dar. Huku jua linakuwa utosini mnamo saa saba mchana, na kuzama ni karibu saa moja jioni, nyuma ya milima ya Kongo. Kwa hiyo mwanga wako wa mlangoni unaanza kama saa kumi na moja na nusu. Fungua mlango wa mbele wote, funga wa uani. Mwanga utaingia umelala, utapiga sakafu ya korido na kupanda ukutani. Huo ndio utumie, achana na flashi. Flashi kwenye ukuta wa udongo inaua kila kinundu, ukuta unaonekana kama kadibodi.

Kiangazi, hasa Julai hadi Septemba, kuna ukungu wa vumbi na moshi wa kuchoma mapori. Mwanga unakuwa mlaini, mwekundu, unapendeza ndani lakini ng'ambo ya ziwa huioni. Ukitaka milima ya Kongo ionekane mlangoni nyuma ya mtu, subiri jioni ya siku iliyonyesha mvua asubuhi.

Pili, vyumbani. Tafuta kioo kikubwa cha kabati na shuka jeupe. Kioo mtu akishike uani, alitupe jua ndani kupitia dirishani, lakini lisimpige mtu usoni: lipige shuka lililotundikwa pembeni, shuka ndilo limwangazie. Hapo una taa ya studio ya bure, na shangazi yako hatakunja macho.

Tatu, shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi kupokea mwanga. Ukiwa na tripodi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 200, apecha (tundu la lenzi) f/8, unaweza kwenda sekunde moja au mbili. Katika muda huo ukuta unatulia, ila mtu akitikisika anageuka moshi. Francesca Woodman, dada wa Kimarekani aliyekuwa mwanafunzi mjini Providence miaka ya 1975 hadi 1978, alijipiga picha nyingi kwenye nyumba chakavu kwa njia hiyo: mwili unafifia, karatasi za ukutani zinabaki kali. Siyo hitilafu, ni uamuzi. Mwambie mtu asimame kimya nusu ya muda, kisha apige hatua nusu iliyobaki. Utapata mtu ambaye yupo na hayupo.

Runinga iache. Sababu nitakupa baadaye, nina mteja.

#4 Director Baraka

Mimi nafanya video. Ushauri wa bure: TOA kila kitu cha kisasa. Plastiki ikionekana kwenye fremu, picha imekufa. Wavishe kaniki, weka moshi wa ubani, washa karabai. Na kwa kuwa ni Ujiji, tafuta minyororo. Ujiji ilikuwa kituo cha biashara ya watumwa na pembe, dunia nzima inajua. Msimamishe shangazi koridoni na mnyororo shingoni, rangi nyeusi na nyeupe. Hiyo inakwenda maonyesho ya Ulaya moja kwa moja.

#5 Binti Manyema

Director, hapo nakukatalia kwa herufi kubwa, ila nitaandika kwa ndogo.

Nimezaliwa Ujiji. Unajua wangapi hapa mababu zao walivushwa ziwa kutoka Manyema, upande wa Kongo, wengine wapagazi, wengine watumwa, wengine wafanyabiashara, na wengine wakiwa vyote hivyo kwa nyakati tofauti? Utumwa umefutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Hiyo ni juzi. Bibi wa mleta uzi huenda mama yake aliwahi kukaa uani na mtu aliyenunuliwa, au yeye mwenyewe ni uzao wake. Ndani ya nyumba hizi habari hiyo haisemwi. Mtu akiulizwa kwao wapi anasema "tulikuja na msafara", mazungumzo yanaisha.

Sasa wewe unakuja na mnyororo wa kufungia mbwa, unamvika mama wa watu ndani ya nyumba ya baba yake, kwa ajili ya mzungu atakayetazama dakika moja na glasi mkononi. Hapana.

Mleta uzi, kama unataka kuligusa hilo, muulize bibi kwanza. Akinyamaza, na wewe nyamaza.

#6 Director Baraka

Sawa dada, nimekusikia. Lakini tusifiche historia.

#7 Binti Manyema

Hatufichi. Nimesema aulizwe mwenye nyumba.

#8 Mnyamwezi wa Isevya

Salaam kutoka Tabora, enyi walaji wa migebuka.

Naomba niongeze kitu hapo kwa Director. Picha za kupangwa za njia hii ya misafara hazikuanza leo. Mwaka 1871, Stanley, yule mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta Livingstone, akiwa huku kwetu Unyanyembe, alipewa na mfanyabiashara Mwarabu mtoto mtumwa aliyeitwa Ndugu M'hali. Stanley akambadilisha jina, akamwita Kalulu. Mwaka 1872 akaenda naye London, wakaingia studio ya London Stereoscopic Company, wakapangwa mbele ya pazia kama wako porini Afrika. Picha zikauzwa. Mtoto wa huku anaigiza Afrika mbele ya Waingereza, ndani ya chumba London! Mwaka 1877 Kalulu akafa maji kwenye maporomoko ya mto Kongo, safarini na Stanley huyohuyo. Kila nikiona mtu anapanga picha ya "Afrika ya kale" kwa soko la nje, namkumbuka huyo kijana.

La pili ni kuhusu nyumba. Huku Kwihara tuna tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872 akisubiri wapagazi, kuanzia Februari hadi Agosti. Watu wanakwenda kupiga picha za harusi. Ni pazuri, lakini lile lililopo limejengwa upya mwaka 1957. Ukipiga picha pale unapiga kitu kilichokwisha kupangwa na wengine kabla yako. Nyumba ya bibi yako haijawahi kupangiwa mgeni. Kuna sufuria zake, kuna kalenda imebandikwa juu ya kalenda ya mwaka jana. Hiyo huwezi kuijenga upya.

Runinga iache, naungana na Lenzi.

#9 Mjukuu wa Kitongoni (mleta uzi)

Wakuu, nimesoma yote, shukrani. Jana usiku nimekaa na bibi barazani nikampitishia mawazo yenu. Nawaletea alivyojibu kwa kuwa ameniachia niseme, ila baadhi nimeyaweka moyoni.

Kuhusu runinga:

"Itolewe iende wapi? Ile amenunua baba yako mdogo kwa pesa ya dagaa. Mtu akiona picha aseme mke mwenzangu anakaa gizani?"

(Ananiita mke mwenza tangu nikiwa mdogo, msishtuke.)

Basi runinga inabaki, na yeye anataka iwe imewashwa. Kwangu hilo ni zuri, kwa sababu ule mwanga wa bluu utagombana na mwanga wa jioni koridoni.

Kuhusu lile la Binti Manyema, nilimuuliza kwa kuzunguka. Alikaa kimya nikadhani ndiyo imeisha. Kisha akasema, "Mama yangu alikuwa na alama begani ya mzigo. Hakuwa anapenda tumwogeshe." Hakuongeza, sikuuliza. Baadaye wakati naaga akasema nikipiga picha ya mzigo nimpige mtu asiye na uso.

Kwa hiyo mnyororo haupo. Kutakuwa na shangazi mkubwa koridoni, mgongo kwetu, mzigo wa shuka kichwani, anatembea kuelekea mlango ulio wazi. Lenzi Kavu, hapo ndipo naitaka ile sekunde moja yako.

#10 Fundi Chokaa

Mimi si mpiga picha, ni fundi wa kukarabati nyumba za udongo. Naona mnasahau nyumba yenyewe inaweza kuumia.

Usipigilie msumari ukutani kutundika shuka. Lipu ya udongo ikipasuka inamomonyoka bamba zima. Tega miti miwili na kamba. Usipake mlango mafuta ya mawese au mafuta ya gari ili ung'ae, nimeona vijana wakifanya hivyo: vumbi linaganda kwenye nakshi na halitoki. Brashi kavu ya rangi, laini, inatosha. Karabai na moshi wa Director viwe uani. Chini ya bati mara nyingi fito za zamani bado zipo, zimekauka miaka mingi, cheche moja tu.

Na kama kuna mahali ukuta umelowa chini, msizibe na saruji "ili picha itoke safi". Saruji inazuia ukuta kupumua, maji yanabaki ndani, udongo unaoza nyuma ya lipu. Nyumba nyingi za zamani Ujiji na Tabora zimeangushwa na saruji ya mtu mwenye nia njema. Chokaa na udongo, basi.

Nauliza pia: huo mlango, fremu za biashara zikijengwa unakwenda wapi?

#11 Mjukuu wa Kitongoni (mleta uzi)

Fundi, umegusa kidonda. Kuna mtu alikuja akasema yuko tayari kuununua, anajenga hoteli nje ya nchi. Baba mdogo anafikiria.

#12 Wakili wa Mtaa

Baba mdogo afikirie taratibu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataja kwa jina milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa mashariki kabla ya mwaka 1940. Ni vitu vinavyolindwa. Kuutoa nchini bila kibali ni kosa, hata kama ni mali ya babu yenu. Sheria hiyohiyo inalinda majengo ya kabla ya 1863, japo sidhani nyumba yenu imefika huko.

Ushauri: piga picha ya mlango iliyonyooka, mbele na nyuma, na ya kila pande la nakshi kwa karibu, weka rula pembeni. Hiyo si picha ya kisanaa, ni ya kumbukumbu. Siku mlango ukipotea utakuwa na cha kuonyesha.

La pili, picha ni zako wewe uliyepiga, hakimiliki haihitaji uombe ndiyo uipate. Sura ni za shangazi zako. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hata kama hamtafikishana huko, waandikishe ridhaa: picha ipi iende mtandaoni, ipi ibaki nyumbani. Mama wa Kiislamu anaweza kukubali kupigwa ndani bila ushungi mbele ya mjukuu wake, akakataa kuonwa na wewe na mimi. Zote mbili ni haki yake.

#13 Mzee wa Hoja

Naomba kuuliza bila kumuudhi mtu. Kama unampanga bibi, unampanga shangazi, unasubiri mwanga, hiyo picha ni ya kweli? Si bora uwapige wakiwa hawajui, wakimenya vitunguu?

#14 Lenzi Kavu

Nimerudi. Mzee, mtu akijua anapigwa picha anakwenda kubadilisha nguo. Hiyo nguo aliyoichagua ni ukweli pia.

Seydou Keïta wa Bamako alifungua studio mwaka 1948, na pazia lake la kwanza lilikuwa shuka lake la kitandani. Wateja walikuja na walivyo navyo, na wasiokuwa navyo walikopeshwa pale studio saa, redio, hata gari la kuegemea. Yote yamepangwa. Ila leo ukitaka kujua watu wa Bamako walitaka kuonekanaje, unakwenda kwenye picha hizo kuliko za wapita njia. Bibi kudai runinga iwashwe ni jambo lilelile. Ndiyo maana niliandika iachwe: mkiitoa, mnampanga bibi. Ikibaki, bibi naye anapanga.

Picha za kuvizia zina uzuri wake, lakini ndani ya nyumba ya mtu zinataka moyo mgumu ambao mimi sina.

Sasa Mjukuu, nina wazo la chumba cha babu. Dirisha lake linatazama wapi?

#15 Mjukuu wa Kitongoni (mleta uzi)

Barabarani, mbele. Magharibi pia.

#16 Lenzi Kavu

Safi kabisa. Geuza chumba kizima kiwe kamera.

Ziba dirisha na nailoni nyeusi nzito, kila ufa, hata chini ya mlango weka nguo. Toboa tundu moja la duara katikati, kipenyo cha sentimita moja hivi. Tundu likiwa dogo zaidi picha inakuwa kali lakini hafifu, likiwa kubwa inang'aa lakini inalegea. Kaa gizani dakika kadhaa macho yazoee. Kwenye ukuta wa pili utaona barabara yote ya nje, miembe, bodaboda, watu wakipita, imepinduka miguu juu kichwa chini, na rangi zake. Hakuna uchawi: mwanga unasafiri mstari mnyoofu, ule wa juu ukipita tunduni unatua chini. Ibn al-Haytham ameyaeleza haya karne ya 11.

Fanya asubuhi kama saa tatu au nne, jua likiwa mgongoni mwa nyumba na linapiga nyumba za ng'ambo ya barabara. Jioni jua litakuja tunduni moja kwa moja, utapata doa tu. Tundika shuka jeupe kama ukuta ni wa rangi ya udongo mtupu. Kamera kwenye tripodi, ISO 800, apecha iwe wazi, nusu dakika hadi dakika kadhaa. Bodaboda zitafutika, nyumba zitabaki.

Kitanda cha babu bado kipo?

#17 Mjukuu wa Kitongoni (mleta uzi)

Kipo, na neti yake.

#18 Lenzi Kavu

Basi usitundike shuka. Shusha neti nyeupe, barabara ianguke juu ya neti.

#19 Kahawa Chungu

Jamani. Mimi nilikuja kusoma tu, sasa natafuta nailoni nyeusi.

#20 Director Baraka

Lenzi, heshima yako. Dada Binti Manyema, na wewe. Mjukuu, kioo kikubwa cha kumulikia ninacho, nitakuletea na kijana wa kukishika, bila malipo. Ila siku ya koridoni niruhusu nikae pembeni nitazame.

#21 Binti Manyema

Uje bila moshi.

#22 Mjukuu wa Kitongoni (mleta uzi)

Karibu sana Director, bibi anasema uje na njaa, kuna ugali wa muhogo na migebuka ya mawese.

Mrejesho. Kikao kidogo kimekaa. Shangazi mkubwa amekubali koridoni kwa sharti la bibi. Shangazi mdogo amekataa kupigwa sebuleni ila atashika cherehani uani, mikono tu. Ridhaa tumeandika kwenye daftari, kila mtu na sahihi yake, bibi kaweka dole gumba. Picha za chumba cha babu haziendi mtandaoni, hilo ni neno la bibi, kwa hiyo nyie wa uzi huu mtaishia kusimuliwa. Zilizobaki nitaziweka hapa.

Mlango umepigwa picha kama alivyosema Wakili, na rula. Baba mdogo amezitazama muda mrefu kwenye simu, akasema mteja angoje kwanza, fundi aulizwe kama unaweza kuhamishiwa mlango wa uani. Fundi Chokaa, unaweza?

#23 Fundi Chokaa

Unaweza, kama upana unatosha. Nipimie mwimo hadi mwimo, na kimo, na unene wa ukuta wa uani. Usiung'oe mtu mwingine kabla sijafika, bawaba za zamani zikilazimishwa zinapasua mbao.

#24 Mnyamwezi wa Isevya

Bado tripodi. Nina moja ya chuma, nzito, haiyumbi hata na upepo wa ziwa. Naituma na treni, nitaifunga kwenye kiroba pamoja na lita ya asali ya bibi. Nitumie namba ya mpokeaji kwa ujumbe wa faragha.

#25 Mjukuu wa Kitongoni (mleta uzi)

Nimekutumia mkuu. Nitaipokea mwenyewe stesheni. Asali usiweke kwenye kiroba kimoja na tripodi, tafadhali.